Mama Rafu na vitabu vilivyofaulu mtihani mbovu

Saa mbili na robo asubuhi, maandishi mekundu yanatokea kwenye skrini ya kompyuta mpakato iliyo karibu na dirisha. Mwanamke aliyeketi mbele yake anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa blauzi, anaivaa tena. Maandishi bado ni mekundu.

"Haya, na wewe umeanza," anaiambia kompyuta.

Anashusha kidole kwenye kitabu kilichofunguliwa katikati, anafuata mstari mmoja mmoja, analinganisha na alichoandika. Herufi ni zilezile. Nukta ziko mahali pake. Anaifuta programu yote na kuiandika upya kwa vidole viwili. Jibu ni lilelile.

"Si mimi," anasema, safari hii kwa sauti inayofika hadi rafu ya jiografia. "Ni kitabu. Kimeruka mstari."

Anakifunga na kukiweka upande wa kushoto wa meza. Upande wa kushoto ni wa vitabu vilivyokataliwa. Upande wa kulia hakuna kitu.

Wasomaji wa maktaba hii humwita Mama Rafu. Ana miaka hamsini na mmoja, ni mtunza maktaba, na leo ni Jumatano. Ifikapo Ijumaa mchana anatakiwa kumpelekea mkuu wake kitabu kimoja tu cha kujifunzia kuandika programu za kompyuta. Mkuu akiridhika, maktaba itanunua nakala ishirini na kona ya kompyuta itaendelea. Asiporidhika, kona itavunjwa na chumba kitapewa magazeti ya zamani.

"Mkuu ananiambia nichague haraka, vitabu vyote si vinafundisha kitu kimoja?" anasema huku akivuta kitabu cha pili. "Nikamwambia, na madaktari wote si wanatibu? Basi ukiumwa jino nenda kwa yeyote."

Kona yenyewe ni chumba chembamba kilichokuwa stoo ya mafagio. Kina kompyuta tatu za mezani, viti vinne, kimoja kikiwa kimefungwa waya mguuni, na feni inayozunguka bila kupooza chochote. Ukutani kuna karatasi yenye maandishi "Usile hapa". Pembeni yake kuna alama ya kidole chenye mafuta.

Mama Rafu alianzisha kona hiyo miaka sita iliyopita, baada ya vijana kuanza kuuliza vitabu vya programu na kukuta maktaba ina kimoja tu, cha kujifunzia kupiga chapa kwa mashine ya zamani. Yeye mwenyewe ana cheti cha ukutubi. Hajasomea kompyuta na halifichi hilo.

"Mimi sijui kuandika programu. Najua kusoma," anasema. "Sasa kama mtu anayejua kusoma hawezi kukifuata kitabu cha kuanzia, hicho kimeandikiwa nani?"

Kutokana na hoja hiyo alijitungia mtihani. Kila kitabu cha programu kinachoingia, kiwe cha kununua au cha msaada, hufunguliwa katikati. Programu ya kwanza inayoonekana huandikwa kama ilivyo kwenye kompyuta ya kona, bila kuongeza wala kupunguza. Ikifanya kazi, kitabu kinapata rafu. Ikigoma, kinatoka.

Alipoulizwa kwa nini asianze na sura ya kwanza, alionekana kuchoshwa na swali.

"Sura ya kwanza kila mwandishi anajitahidi. Ni kama siku ya kupeleka posa, kila mtu kapiga pasi. Wewe nenda katikati, uone wanavyoishi."

Mshahara wake wa mwezi haufiki bei ya vitabu sita vipya vya fani hii. Hesabu hiyo huitaja kila anapoambiwa kwamba ni mkali kupita kiasi. "Kitabu kibovu kwangu si karatasi," anasema. "Ni siku tano za kazi zimekwenda jalalani."

Malalamiko yake juu ya vitabu hivyo yangetosha kujaza kitabu kingine. Kimoja kiliahidi kumfanya msomaji kuwa mtaalamu kwa wiki moja. Alikaa nacho wiki nzima, na mwisho wake alikuwa amejua habari za kompyuta tangu zilipokuwa na ukubwa wa nyumba. "Sikwenda kuuliza nasaba," anasema. Kingine kilikuwa na maneno "kama unavyojua" kila baada ya kurasa chache. "Ningekuwa najua, ningekifungua kwa nini?"

Kinachomuudhi kuliko vyote ni mwandishi anayeruka hatua. "Anaruka mtaro, anasimama ng'ambo, halafu anamgeukia bibi yake anamwambia njoo, ni rahisi tu. Ukikuta neno 'rahisi' kwenye kitabu, shika kiti."

Vitabu vyote vitatu vilivyofika mezani wiki hii vimeandikwa kwa Kiingereza. Cha Kiswahili cha kuanzia hajakipata kwa muuzaji wake, na ameuliza mpaka muuzaji ameacha kupokea simu zake.

Ushauri wa wenye fani nao haujamsaidia sana. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, huandika programu katika kampuni ya bima na kila Jumapili hula chakula cha mchana nyumbani kwao. Mwaka jana Mama Rafu alimtaka amtajie kitabu kimoja kizuri. Mumewe na mama mkwe walikuwapo mezani, na wote wanayakumbuka mazungumzo kwa namna moja.

"Shem, siku hizi nani anasoma kitabu?" shemeji alisema. "Watu wanatazama video."

"Umeme ukikatika unatazama nini?"

"Mchagua jembe si mkulima, shem."

"Na asiyechagua hulima kwa mpini. Nitajie kitabu."

Shemeji akakitaja: kinene, cha kurasa zaidi ya elfu moja, ambacho wenzake wote kazini wanacho mezani.

"Wewe ulikimaliza?"

"Nilikisoma."

"Sikuuliza hivyo."

Shemeji alivuta sahani karibu. "Nilifika sura ya nne."

Mama mkwe, aliyekuwa akila kimya, alicheka hadi akapaliwa na ikabidi apigwe mgongoni.

Baada ya hapo Mama Rafu aliwauliza waandishi wa programu wengine wawili, marafiki wa shemeji. Kila mmoja alimpendekezea kitabu ambacho yeye mwenyewe hakukimaliza. "Ni kumwelekeza mgeni njia ambayo wewe uliishia katikati," anasema. "Halafu mgeni akipotea, mnasema hana kichwa cha kompyuta."

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi katika kona hiyo halikufanywa na shemeji wala na waandishi wa vitabu. Lilifanywa na Mama Rafu, kwa mtihani wake mwenyewe, na lilidumu tangu siku kona ilipofunguliwa hadi miezi mitatu iliyopita.

Aliyelifichua ni mwanamke mshonaji wa miaka ishirini na tisa anayejulikana mtaani kwa jina la Fundi. Ana cherehani moja kwenye baraza ya kupanga, mkabala na duka la vifaa vya ujenzi. Kwa miezi minane alikuwa akifunga kazi mapema, anakwenda maktaba, anaazima kitabu cha Python, lugha ya kuandikia programu, kilichopita mtihani wa Mama Rafu, na kufanya mazoezi yake kwenye kompyuta ya kona. Mazoezi yote yalifanya kazi.

Kampuni moja ikatangaza nafasi za kujifunzia kazi. Fundi aliomba, akaitwa kwenye usaili. Aliwekwa mbele ya kompyuta na kuambiwa aandike programu fupi ya kuonyesha majina ya wateja kwenye skrini. Aliandika kama alivyozoea. Mstari wa kwanza ulikataliwa.

"Nilidhani kompyuta yao ni mbovu," Fundi anasema. "Nikanyoosha mkono, nikamwambia msimamizi, samahani, hii yenu ina tatizo. Wote wakageuka."

Msimamizi alimwambia hakuweka mabano.

"Mabano gani? Miezi minane sijaweka mabano hapo na kompyuta haijawahi kulalamika. Nikabaki nafuta na kuandika, nafuta na kuandika, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano isiyo na tundu. Muda ukaisha."

Alitoka kwenye usaili na kwenda moja kwa moja maktaba. Wasomaji wawili waliokuwapo siku hiyo wanasema hakusalimia.

"Mama Rafu, kitabu chako kimenivua nguo mbele za watu."

"Kitabu changu kilifanya mtihani kikapita."

"Basi na huo mtihani wako ufanyiwe mtihani!"

Waliingia kwenye kona, wakaandika mstari uleule bila mabano. Kompyuta iliukubali. Waliuandika tena kwenye kompyuta ya pili, kisha ya tatu. Zote ziliukubali.

"Unaona?" Mama Rafu alisema.

"Naona," Fundi alijibu. "Naona nimekosa kazi."

Mama Rafu alimpeleka getini kumnunulia karanga.

Muuza karanga wa getini hufungia bidhaa yake kwenye karatasi anazopewa na maktaba, kwa ruhusa ya mkuu. Ni magazeti yaliyochanika, fomu zilizoharibika, na vitabu vilivyoondolewa. Fundi alifungua karatasi yake, akatia karanga mbili mdomoni, akaacha kutafuna.

"Haya hapa mabano!"

Karatasi ilikuwa ukurasa wa kitabu cha programu. Kila mstari uliotakiwa kuonyesha maandishi kwenye skrini ulikuwa na mabano. Mama Rafu aliichukua mkononi mwa Fundi na karanga zikamwagika chini. Aliutambua ukurasa huo. Ulikuwa wa kitabu kipya alichokikataa wiki iliyotangulia kwa sababu kilimtukana.

Kitabu hicho kilikuwa na programu inayomuuliza mtu jina lake na kumsalimia. Mama Rafu aliiandika kama ilivyo. Kompyuta ya kona ikauliza jina. Yeye akaandika jina lake la ubatizo, alilopewa na baba yake na kulitumia kwenye kila cheti alicho nacho. Kompyuta ikajibu kwa maandishi mekundu kwamba jina hilo halijulikani.

"Nikasema, kitabu gani hiki kinachokataa jina la mtu?" anakumbuka. "Nikakitoa."

Pale getini alimuuliza muuza karanga kurasa nyingine ziko wapi.

"Zimeliwa, mama," muuza karanga alijibu. "Hizo zilikuwa nzito, wateja walizipenda."

Mama Rafu alimpigia simu shemeji akiwa palepale getini na kumsomea ukurasa. Shemeji aliuliza swali moja tu: kompyuta za maktaba ziliwekewa lugha hiyo lini?

Ziliwekewa na mtaalamu wa kompyuta siku kona ilipofunguliwa, kutoka kwenye diski ambayo tayari ilikuwa ya zamani, na hazijaguswa tangu hapo. Hazina intaneti. Mkuu aliipiga marufuku mwaka huohuo, baada ya kirusi cha kompyuta kufuta orodha nzima ya vitabu vya hadithi.

"Shem, hilo ni toleo la zamani," shemeji alisema. "Limeshazikwa. Lililopo sasa lina kanuni tofauti."

"Umekuja hapa maktaba mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Na hukusema?"

"Hukuniuliza habari za kompyuta. Uliniuliza habari za vitabu."

Mama Rafu alikata simu. Jumapili iliyofuata, mumewe anasema, shemeji alikuta kiti chake kimewekewa rundo la nguo za kupigwa pasi.

Maana ya jambo hilo ni nyepesi kueleza. Katika toleo la zamani la Python, amri ya kuonyesha maandishi ilikubalika bila mabano, na jina alilojibu mtu lilisomwa kana kwamba ni sehemu ya programu. Toleo jipya likabadilisha yote mawili. Kwa hiyo mtihani wa Mama Rafu haukupima kama kitabu ni kizuri. Ulipima kama kina umri sawa na kompyuta. Vitabu vikongwe vilipata rafu na vipya vilifungiwa karanga.

"Kitabu na kompyuta walikuwa wezi wawili wanatoleana ushahidi," anasema. "Na hakimu ni mimi, nimekaa hapo na miwani yangu, naitikia kwa kichwa."

Alimwandikia mkuu taarifa ya ukurasa mmoja siku hiyohiyo. Vitabu vya rafu ya programu viliondolewa karibu vyote. Mkuu, mwanamume mtaratibu aliyebakiza miaka mitatu astaafu, aliisoma taarifa mara mbili, kisha akatoa uamuzi ambao bado unasimama: kitabu kimoja, kwa lugha hiyo moja, akione kwa macho yake. "Nisiporidhika, mama, magazeti yanahitaji chumba."

Kompyuta mpakato ya dirishani ni ya shemeji. Aliileta mwenyewe ikiwa na toleo jipya, na hakusubiri kuombwa mara ya pili.

Saa tisa alasiri ya Jumatano hiyohiyo, Fundi anaingia na vipande vya uzi vikiwa vimemganda kwenye sketi. Tangu karanga zile, Mama Rafu anaweza kukataa kitabu peke yake, lakini hawezi kukipitisha. Fundi husoma kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza, naye Mama Rafu hukaa pembeni na haruhusiwi kusema neno. Sharti hilo aliliweka Fundi.

"Ukinisaidia, umekipa kitabu alama zisizo zake."

"Hata nikiona umekosea?"

"Hasa ukiona nimekosea."

Kitabu cha pili kinakwenda vizuri kwa muda. Mifano inafanya kazi, lugha yake inaeleweka. Mwisho wa sura kuna mazoezi kumi. Fundi anafanya la kwanza, anapata jibu, anatafuta mahali pa kulihakikisha. Anafunua mwisho wa sura, kisha mwisho wa kitabu. Hakuna majibu.

"Huyu kanipa kitambaa, hakunipa kipimo," anasema. "Nitajuaje kama nguo imemkaa mtu?"

Mama Rafu anafungua mdomo, anaufunga, anakihamishia kitabu upande wa kushoto kwa nguvu inayomfanya msomaji wa chumba cha pili kuinua kichwa.

Kimebaki kimoja. Ni chembamba, karatasi zake ni nyepesi, na jalada lina rangi ya maji ya mfereji baada ya mvua. Hakina picha ya roketi wala ya ubongo unaong'aa. Mama Rafu alikiagiza kama nakala ya mfano kwa sababu kilikuwa cha mwisho kwenye orodha ya muuzaji na hakikuwa na sifa yoyote iliyoandikwa pembeni yake. "Nikasema, ambacho hakijisifu labda hakina muda."

Fundi anasoma sura ya kwanza, inayoeleza namna ya kuiweka lugha hiyo kwenye kompyuta na namna ya kuhakikisha ni toleo lipi. Anaanza sura ya pili. Anaandika mfano wa kwanza. Maandishi mekundu yanatokea.

Mama Rafu anashika paji la uso. Fundi anatazama skrini, anatazama kitabu, anafunua ukurasa.

"Mama, hiki kimekosea makusudi."

"Nini?"

"Kimeandika makosa makusudi. Angalia. Ukurasa unaofuata kimeyachapa maandishi mekundu yaleyale, kinasema usiogope, anza kusoma mstari wa mwisho, ndio unaosema tatizo." Anausoma mstari wa mwisho kwenye skrini, anarekebisha, anaendesha programu. Inafanya kazi. "Vile vingine vinadhani sitakosea. Hiki kinajua."

Anafunua ukurasa mwingine. Kisha anasema, bila kuinua macho, kwamba shangazi yake aliyemfundisha kushona alimfundisha kufumua kwanza. Wiki nzima alikuwa akifumua nguo za watu, na ndipo akapewa sindano.

Mama Rafu anakichukua kitabu, anakipima mkononi, na badala ya kufurahi anaonekana kukasirika zaidi.

"Kwa nini kizuri lazima kiwe na sura hii? Unamjua Mkuu. Kamusi aliyonunua mara ya mwisho aliichagua kwa uzito. Nitampelekea kitu hiki, ataniuliza kingine kiko wapi."

Fundi anacheka. "Mwambie kimepungua kwa mawazo."

Alhamisi walikijaribu tena kwenye kompyuta ya dirishani, sura kwa sura, hadi katikati. Fundi alikwama mara mbili, na mara zote mbili kurasa zilizofuata zilimkwamua. Mama Rafu anasema alijing'ata ulimi kweli ili asiseme, si kwa mafumbo.

Ijumaa asubuhi, kabla ya muda aliopewa, alibisha hodi kwenye ofisi ya mkuu. Ofisi hiyo ina kabati la chuma, kalenda ya mwaka jana, na kompyuta pekee ya jengo yenye intaneti. Fundi alibaki kwenye benchi nje ya mlango, uliokuwa wazi.

Mkuu alikipokea kitabu, akakipandisha na kukishusha kiganjani.

"Mama, hiki ni kitabu au ni utangulizi wake?"

"Ni kitabu, Mkuu."

"Kwa nakala ishirini watu watadhani tumenunua daftari."

"Mkuu, mimi nilishakosea nikiwa na mtihani wangu. Sitaki uniamini." Mama Rafu alikisukuma kitabu mezani. "Sura ya kwanza inaeleza namna ya kuweka lugha kwenye kompyuta. Ya pili inaeleza programu ya kwanza. Fanya sura hizo mbili kwenye kompyuta yako mwenyewe. Ukishindwa, usitie saini, na magazeti nitayapanga mimi."

"Mimi? Nimebakiza miaka mitatu nistaafu."

"Ndiyo maana. Kitabu kikieleweka kwako wewe, kitamshinda nani mwingine asiyejua?"

Mkuu alisema ana kikao, akamtoa Mama Rafu na kufunga mlango. Hakuna mtu aliyeingia kwa ajili ya kikao.

Mama Rafu alikaa kwenye benchi na Fundi. Ndani vitufe vya kompyuta vilisikika vikibonyezwa kimoja kimoja. Mama Rafu alitumia muda huo kueleza anachokitaka, kwa sauti ya mtu anayelalamika hata anapotumaini. Anataka darasa la Jumamosi, Fundi akiwa mbele na yeye nyuma, kitabu kimoja kwa kila mtu. Anataka kompyuta tatu za kona zisafishwe na kuwekewa toleo jipya, hata kama intaneti itaingia kwa saa moja tu chini ya ulinzi wa askari. Na kila mwaka anataka vitabu vyote vifanyiwe mtihani tena, na mtihani wenyewe uulizwe umri wake.

"Nataka siku moja mtu aingie hapa ashike kitabu cha kwanza anachokiona," alisema, "na kiwe sawa. Asinihitaji mimi. Nimechoka kuhitajiwa."

Fundi ameitwa tena kwenye usaili, kampuni ileile, mwezi ujao. Alipoulizwa kama anaogopa, alisema anaogopa msimamizi. Mabano haogopi.

Ndani ya ofisi mkuu alisikika akisema "Alaa!" Kisha kiti kikavutwa. Mlango ukafunguliwa kiasi cha kutosha kichwa.

"Mama, hizi alama za kunukuu ni mbili au moja?"

"Mkuu, soma."

"Nimesoma!"

"Ukurasa gani?"

Mlango ukafungwa. Fundi alijifunika uso kwa mkoba. Mama Rafu alitazama dari.

Saa sita kasoro dakika chache, mkuu alitoka na karatasi ya oda mkononi. Ilikuwa imetiwa saini na kugongwa muhuri, nakala ishirini. Alimkabidhi Mama Rafu bila maelezo, akamsalimia Fundi, akaelekea kwenye ngazi. Kitabu kilikuwa kwapani.

"Mkuu," Mama Rafu alisema. "Kitabu hakitoki bila kadi."

"Mama, mimi ndiye mkuu wa maktaba hii."

"Ndiyo, Mkuu. Kadi ziko kaunta."

Kwenye kaunta kulikuwa na mwanafunzi mmoja akirudisha atlasi. Mkuu alisimama nyuma yake. Zamu yake ilipofika alijaza kadi kwa herufi kubwa, jina na anwani, naye Mama Rafu akagonga muhuri wa tarehe ya kurudisha: wiki mbili.

Mkuu aliomba mwezi mmoja. Alikataliwa.